Pengo Lisilo na Mtani

Kiswahili kina maneno mawili kwa uwazi mmoja wa mdomoni. Ukiwa kati ya meno mawili ya mbele, na mtu amezaliwa nao, unaitwa mwanya, na mwenye nao husifiwa mpaka anaona haya. Ukitokana na jino lililong'oka, unaitwa pengo, na mwenye nalo hujifunza kucheka amefumba mdomo. Ukipima kwa rula, tofauti ni milimita chache tu. Ukipima kwa maneno ya watu, mmoja ni urembo na mwingine ni kilema. Mwanya umeimbwa kwenye nyimbo za mapenzi, wakati pengo limeachiwa methali, tena ya kukatisha tamaa: jino la pembe si dawa ya pengo.

Halafu kuna hali ya tatu, ambayo hatujaipa hata jina la kueleweka. Jino halijatoka. Lipo, ila nusu. Nusu nyingine ilibaki kwenye sakafu ya baraza la darasa, au kwenye mdomo wa bomba la maji, au chini ya mwembe. Hapa Morogoro Mjini watoto wa namna hii wapo kila mtaa, kuanzia Mji Mpya hadi Kihonda ninakokaa mimi. Utawatambua mchana shule zikitoka, kwenye toroli la miwa. Wenzao wanamenya muwa kwa meno ya mbele kama kawaida ya mkoa huu wa Mtibwa na Kilombero, wao wanaupeleka pembeni, kichwa wamekiinamisha kama wanaosikiliza kitu kwa mbali.

Nataka kuuliza swali la kihistoria, ingawa linaonekana dogo. Ni lini jino la mbele lenye kasoro lilianza kuwa aibu ya mtoto wa shule? Nauliza kwa sababu, ndugu msomaji, mambo hayakuwa hivi siku zote. Bibi na babu zetu wengi walikuwa na meno ya mbele yaliyokatwa, yaliyochongwa au yaliyong'olewa, na walicheka hadharani bila kuweka kiganja mdomoni.

Mdomo ulikuwa kitambulisho

Tuanze na majirani. Wajaluo wa pande za Ziwa Viktoria walikuwa wanang'oa meno sita ya mbele ya chini kwa kijana anayevuka kwenda utu uzima. Wamaasai, ambao siku hizi tunapishana nao Msamvu kila saa, waling'oa meno mawili ya chini ya katikati, na maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mtu akipata pepopunda na taya likajifunga, chakula na dawa vipite hapo kwenye uwazi. Wamakonde wa kusini walijulikana kwa chale za usoni, kwa ndonya, na kwa meno yaliyochongwa.

Sisemi kwamba haikuuma. Iliuma, tena sana, na ilifanywa bila ganzi kwa watoto ambao hawakuulizwa. Ninachosema ni kwamba lile pengo lilikuwa na wenyewe. Kulikuwa na siku yake, na mtu wa kulifanya, na ndugu wa kushuhudia, na maana ambayo kila mtu kijijini aliijua. Kijana akirudi nyumbani na damu mdomoni alikuta amepikiwa. Katika mazingira hayo, mwenye meno yote ndiye aliyetazamwa kwa jicho la mashaka: huyu bado mtoto.

Mfano mkubwa kuliko yote tunao wenyewe, na karibu kila Mtanzania ameuona bila kuutafakari. Julius Kambarage Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alichongwa meno yake ya mbele ya juu yakawa na ncha, kama ilivyokuwa desturi ya Wazanaki. Mwaka 1934 akaanza shule Mwisenge, Musoma. Akaenda Tabora, akaenda Makerere, akaenda Edinburgh. Mwaka 1955 akasimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuisemea Tanganyika. Mdomo uleule wenye meno ya kuchongwa ndio uliotupa hotuba tunazozisikiliza hadi leo redioni, na mtu huyohuyo ndiye aliyemleta Shakespeare kwa Kiswahili, *Julius Caesar* mwaka 1963 na *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969.

Angalia picha zake akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka. Meno yanaonekana. Hakuyaficha. Kwa miongo kadhaa watoto wa nchi hii wamekaa darasani chini ya picha yake ukutani, na miongoni mwao walikuwamo wenye jino lililovunjika ambao waliogopa kusimama kusoma. Sina hakika kama yupo mwalimu aliyewahi kumwonyesha mtoto wa namna hiyo picha ile na kumwambia, hebu mtazame Mwalimu meno yake. Lingekuwa somo la dakika moja.

Meno yaliyohukumu

Lakini nisiipambe historia. Jamii hizohizo zilizoheshimu meno ya kuchongwa zilikuwa na ukatili wake kuhusu meno ya watoto. Neno kigego limo kwenye kamusi zetu. Maana yake ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto huyo alihesabiwa kuwa ni mkosi, na zamani wapo waliotupwa au kuuawa kwa sababu hiyo tu. Meno mawili yalitangulia mahali pasipo pake, na mtoto wa miezi sita akahukumiwa.

Msidhani hayo yameisha na karne. Miaka ya 1980 ilienea nchini imani ya "meno ya plastiki", wengine wakiyaita ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, fizi ikiwa na uvimbe mweupe mahali ambapo jino la chonge linajiandaa kutoka, watu walisema hilo ndilo linalomuumiza, na mganga akalichokonoa kwa chombo chochote alicho nacho. Madaktari wa meno wa Tanzania wameandika mengi kuhusu vidonda na meno yaliyoharibika kwa njia hiyo. Kumbe basi tabia ya kuutazama mdomo wa mtoto na kuusoma kama waraka wa mashtaka tunayo siku nyingi.

Nipo hapo kwa sababu nataka kufikia hoja yenyewe: jino halina maana lenyewe. Maana inatoka kwa wanaolitazama. Na kama kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanathibitisha hilo, ni kijana wa Kongo aliyeitwa Ota Benga.

Ota Benga alikuwa Mmbuti, na meno yake yalichongwa ncha akiwa mdogo, kama kwao walivyofanya. Watu wake waliuawa na askari wa Mfalme Leopold, yeye akauzwa utumwani. Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Verner alimnunua na kumpeleka kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis. Kule yale meno yakawa biashara. Wageni walitaka kuyaona, wakaambiwa ni meno ya mla watu, naye akajifunza kuwatoza senti tano kabla ya kufungua mdomo. Septemba 1906 aliwekwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na maelfu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa jiji hilo, wakiongozwa na James Gordon, walipiga kelele mpaka akatolewa.

Mwaka 1910 alihamia Lynchburg, Virginia, asome. Na hapa, wapenzi wa fasihi, yupo mtu mnayemjua: mshairi Anne Spencer alikuwa miongoni mwa waliomfundisha. Ila kabla ya kuingia darasani ilibidi meno yake yafunikwe, ncha zisionekane, ili aweze kukaa na watu. Fikiria hilo. Kwao meno yale yalimfanya awe mtu miongoni mwa watu, St. Louis yalimfanya awe mnyama, na Lynchburg yakawa kizuizi cha kusoma. Meno ni yaleyale. Tarehe 20 Machi 1916, baada ya vita vya Ulaya kumfungia njia ya kurudi nyumbani, aliwasha moto, akavibandua vile vifuniko vya meno, kisha akajipiga risasi. Alikuwa na umri wa miaka 32 hivi.

Sisemi meno ndiyo yaliyomuua. Lakini jambo la mwisho alilolifanya kwa mikono yake kabla ya kufa lilikuwa kuyafunua.

Shule ilivyobadili mdomo

Turudi Tanganyika. Shule za serikali na za misheni zilikusanya watoto wa makabila mbalimbali kwenye benchi moja, na pamoja na makanisa zikawa miongoni mwa nguvu zilizopunguza desturi za kuchonga na kung'oa. Hilo lilikuwa jema kwa watoto, na mimi simtamanii mtu yeyote patasi ya jadi. Lakini kuna kitu kilipotea bila kuagwa. Ile lugha ya meno, ambayo mtu wa kwenu aliweza kuisoma, ilifutika. Ikabaki alama moja tu ya mdomo mzuri: meno meupe, kamili, yaliyopangika, kama ya kwenye tangazo la dawa ya meno. Ukikosa hayo, huna maelezo ya kujitetea. Hukuchongwa, hukutahiriwa mdomo, hukuvuka rika. Ulianguka tu.

Mwaka 1974, kule Musoma, TANU iliazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Mwaka 2002 ada ya shule za msingi ikafutwa chini ya mpango wa MMEM, na mwaka 2016 ikaja elimu bila malipo hadi kidato cha nne. Kila wimbi lilileta watoto wengi zaidi kwenye viwanja vilevile vya kuchezea. Watoto wengi, sakafu ya saruji, bomba moja la maji, kengele ya mapumziko. Mtu hahitaji shahada kujua meno yatakuwa hatarini.

Shule pia ndiyo mahali ambapo mdomo wa mtoto unafanyiwa kazi mbele ya watu. Simama usome. Sauti! Hatusikii huko nyuma! Na Kiswahili chetu kina sauti zinazotegemea meno ya mbele ya juu: f na v, ambapo jino linagusa mdomo wa chini, th na dh, ambapo ulimi unasimama kwenye meno. Fisi, vifaa, thelathini, dhahabu. Mtoto wa darasa la kwanza asiye na meno ya mbele hupepesuka kwenye maneno hayo, na darasa zima linacheka, lakini linacheka pamoja naye kwa sababu nusu ya darasa ina mapengo. Umri ule ni wa kung'oka kwa meno ya utoto. Wapo wanaolitupa jino juu ya paa na kuomba lingine. Pengo la miaka sita lina ahadi ndani yake.

Jino la ukubwani la mbele huchomoza kwenye miaka saba au minane hivi, na hilo halina mbadala. Likikatika darasa la nne au la tano, ahadi imekwisha. Wenzake wote wameshaota, yeye amebaki na kipande. Mara nyingi sauti hutoka vizuri tu, kwa kuwa nusu ya jino yatosha kutamkia f. Tatizo ni kwamba hataki tena kuitamka.

Binti wa dada yangu yalimkuta hayo akiwa darasa la tano, bombani, kwa kusukumwa na mwenzake wakati amekinga maji kwa mdomo. Hakulia sana. Jioni mama yake alimwangalia, akauliza linauma? Hapana. Basi, si haliumi? Yakaisha. Mimi niligundua baada ya wiki kadhaa kwamba mtoto niliyemzoea akinisimulia kila kitu kwa mikono na miguu amekuwa mtu wa ndiyo na hapana. Nikamkalisha. Akaniambia, "Mjomba, nikisoma wananiangalia mdomo, hawasikii ninachosoma."

Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba si mtu wa kupita kusalimia tu. Mtoto wa dada yako ana haki kwako. Kwa hiyo kauli ile niliichukua kama deni, na ndiyo iliyonipeleka kwenye utafiti huu wote.

Utani wenye wajibu na utani usio nao

Alipewa jina, bila shaka. Wanaopata ajali hii hupewa. Wengi huitwa Pengo, jambo la kuchekesha kidogo, kwani Pengo ni jina la ukoo la watu wenye heshima zao, na Jimbo Kuu Katoliki la Dar es Salaam liliongozwa na Askofu Mkuu mwenye jina hilo kuanzia 1992 hadi 2019. Neno lenyewe halina sumu. Sumu inatiwa.

Ukiuliza watu wazima watakwambia, aah, ule ni utani tu wa watoto. Hapo ndipo nashindwa kunyamaza, maana utani kwetu ni jambo zito, si neno la kufunikia maovu. Watani wa makabila na koo wamesomwa na wataalamu. Katikati ya miaka ya 1970 Stephen Lucas alikusanya chuo kikuu cha Dar es Salaam maandishi mengi kuhusu utani wa makabila ya Tanzania. Yeyote aliyefiwa Morogoro anajua mtani ni nani. Atakuja msibani, atakutukana, atamwigiza marehemu, atakupokonya chakula. Lakini ni huyohuyo anayehangaika na shughuli za maziko wakati wewe huna nguvu za kusimama. Anakutania kwa sababu anawajibika kwako. Na kesho zamu yako ya kumtania itafika.

Sasa linganisha. Darasa la watoto wengi linalomwita mmoja Pengo au Nusu Jino linawajibika na nini kwake? Siku akiumwa nani atambebea begi? Zamu yake ya kujibu inafika lini? Haifiki. Huo si utani. Ni kundi na mtu mmoja. Zamani kijana mwenye pengo alikuwa na rika zima lenye pengo kama lake. Mtoto wa leo pengo lake ni la peke yake, na halina mtani.

Haya si maneno ya mjomba mwenye uchungu tu. Mwaka 2002 watafiti Cortes, Marcenes na Sheiham walichapisha kazi kuhusu watoto wa miaka 12 hadi 14 nchini Brazil. Walilinganisha watoto 68 wenye meno yaliyovunjika bila kutibiwa na wengine 136 wasio na tatizo hilo. Uwezekano wa wale wa kwanza kusema kwamba meno yanawasumbua katika maisha ya kila siku ulikuwa mkubwa mara 20. Na walichosema kinawasumbua si kutafuna tu. Walitaja pia kucheka na kuonyesha meno, na hali ya moyo.

Nyumbani nako kuna kazi zimefanyika. Mwaka 2001 Febronia Kahabuka na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa chekechea na shule za msingi Dar es Salaam, na neno la kuangalia katika kichwa cha kazi yao ni "yasiyotibiwa". Hawakwenda kuhesabu meno yaliyovunjika pekee, walihesabu yaliyovunjika na kuachwa. Miaka michache baadaye Matilda Mtaya na wenzake waliwafikia watoto 1,601 wa Kinondoni na Temeke wakiwa na dodoso la Kiswahili linalouliza jinsi mdomo unavyogusa maisha: kula, kusema, kusafisha kinywa, kulala, hisia, kucheka, masomo, kukaa na wenzako. Mambo manane. Soma tena orodha hiyo, kisha utafute wapi limeandikwa lile swali letu la pekee: linauma?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano hivi, hadi umri wa miaka 12, hupata ajali ya meno. Sasa ingia darasa lolote la Mwembesongo au Kichangani uhesabu madawati.

Dawa ya jino

Kwa nini basi hayatibiwi? Jibu moja limo kwenye ulimi wetu. Wanasiasa wanapenda kusema dawa ya jino bovu ni kung'oa, na makofi hupigwa. Methali hiyo ina historia ya kweli nyuma yake. Kwa muda mrefu kituo cha afya kikiwa na huduma ya meno, huduma hiyo ilikuwa koleo. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno Muhimbili yalianza mwaka 1979 tu. Kabla yake Mtanzania aliyetaka kusomea fani hiyo alisafiri. Mpango wa kwanza wa taifa wa afya ya kinywa uliandikiwa miaka ya 1988 hadi 2002. Katika hali hiyo watu walijifunza kwamba kwa daktari wa meno unakwenda na maumivu na unarudi bila jino. Mwenye jino lisilouma aende kufanya nini?

Lakini upande wa pili wa historia ni wa matumaini. Mwaka 1955 Michael Buonocore, kule Rochester nchini Marekani, alionyesha kwamba ukilikwaruza jino kwa asidi kidogo, plastiki maalumu inaweza kushika juu yake. Kabla ya hapo kulirejesha jino la mbele lililokatika kulimaanisha taji la dhahabu au kaure kwa mwenye pesa. Baada ya hapo ikawa ni kazi ya kiti kimoja na mkono mtulivu. Na katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa hapahapa Tanzania ambapo Jo Frencken na wenzake walianzisha njia ya kuziba meno yaliyooza kwa vifaa vya mkono, bila umeme wala mashine, njia ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu mwaka 1994. Nchi inayosema dawa ya jino ni kung'oa ndiyo iliyoifundisha dunia njia rahisi ya kutong'oa.

Kuna na elimu ndogo ambayo ingepaswa kubandikwa kwenye kila ofisi ya walimu. Kipande kilichokatika kitafutwe, kisitupwe. Kikiwekwa kwenye maziwa, mara nyingi daktari anaweza kukigandisha mahali pake. Jino la ukubwani likitoka zima, lishikwe upande wa juu unaotafunia, si kwenye mzizi, lisisuguliwe, lirudishwe kwenye tundu lake mara moja au litumbukizwe kwenye maziwa, na mtoto akimbizwe kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utoto lisirudishwe. Na hata lisipouma, lionwe, kwa sababu jino lililogongwa linaweza kufa kimyakimya ndani na kubadilika rangi baadaye.

Yule binti nilimpeleka. Kazi yenyewe haikufika saa moja, na ukimtazama leo hutajua ni jino lipi. Jina, hata hivyo, lilidumu karibu muhula mzima baada ya jino kupona. Lililiondoka pale mwalimu wake wa Kiswahili alipoanza kumsimamisha asome huku yeye mwenyewe amesimama kando yake, akifuatisha mistari kwa kidole, darasa likalazimika kusikiliza. Hakutoa hotuba. Alisimama tu upande wake, siku baada ya siku, mpaka wenzake wakazoea sauti.

Nimeitafakari picha hiyo kuliko tafiti zote. Babu zetu walijua kwamba mtoto asiachwe peke yake na mdomo wake. Ama pengo lake liwe la rika zima, ama mtani wake awe na deni. Sisi hatuna haja ya kurudia patasi zao. Ila lile la pili tunaweza kulirudisha bila gharama yoyote. Anayemwita mtoto Pengo na awe tayari kumshika mkono kumpeleka kwa daktari wa meno. Kama hayuko tayari, basi hana haki ya utani huo, na mtu mzima aliye karibu amwambie hivyo, palepale, mbele ya wale waliocheka.